i7 ya kizazi cha 6 au i5 ya kizazi cha 8? Laptopu ya mhasibu wa Mwanza

Swali: Habari za kazi kaka. Mimi ni mhasibu wa kujitegemea hapa Mwanza, natunza vitabu vya wafanyabiashara 11 na asasi moja. Laptopu yangu ina miaka minane, ni i3 yenye RAM 4, na siku hizi inastaki mpaka naona aibu mbele ya wateja. Kutwa nipo kwenye Excel na stetimenti za benki na za miamala ya simu (faili moja linafika mistari 80,000), TallyPrime (programu ya uhasibu), tovuti ya TRA, na mara mbili kwa wiki kikao cha Teams na ile asasi. Naibeba kwenye daladala na boda. Nina milioni moja, nikijikaza sana milioni na laki mbili. Dukani nimeonyeshwa tatu. Ya kwanza mpya kwenye boksi: Celeron N4020, RAM 4, diski 128, laki 7. Ya pili imetumika: i7-6600U, RAM 16, SSD 512, laki 7 na nusu. Ya tatu nayo imetumika: i5-8350U, RAM 8, SSD 256, laki 8. Muuzaji anasema i7 ni i7, nisipoteze muda. Dada yangu naye anataka kuniuzia MacBook Air yake. Nataka itakayonifikisha miaka minne au mitano. Nichukue ipi?

Jibu: Nzuri dada yangu, na pole na hiyo mashine. Katika hizo tatu chukua ya tatu, ile i5-8350U, na chenji inayobaki nitakuonyesha pa kuipeleka. Ila naomba unisome mpaka mwisho, kwa sababu namba za kwenye karatasi ni nusu tu ya habari. Laptopu mbili zenye i5-8350U zinaweza kukaa meza moja dukani, moja ikakufaa miaka mitano na nyingine ikakuliza kabla ya Pasaka.

Leo jioni, kabla hujarudi dukani, fanya jambo moja. Fungua kazi zako zote kama siku ya kawaida: lile faili la mistari 80,000, Tally, kivinjari na kurasa zako, na Teams. Mashine ikianza kuganda bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Kitafunguka kidirisha chenye safu za asilimia, moja ya prosesa, moja ya kumbukumbu (yaani RAM), moja ya diski. Angalia ipi imeiva. Kwenye mashine za RAM 4 zenye diski ya kuzunguka ninazoletewa, karibu kila mara nakuta kumbukumbu imepita 90 na diski imekaa 100 haishuki, huku prosesa ikiwa na nafasi bado. Maana yake ni kwamba RAM imejaa, Windows inahamishia mzigo kwenye diski, na diski ya kuzunguka ni polepole mno kwa kazi hiyo. Ikisoma faili moja lililonyooka inafika kama megabaiti 100 kwa sekunde. Ikirukaruka kutafuta vipande vidogo, inashuka chini kabisa. SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, ile ya kawaida ya SATA inasoma kama 500, na ile nyembamba ya NVMe inakwenda 2,000 hadi 3,500. Kwa hiyo kiu yako kubwa ni RAM na SSD. Na hivyo ndivyo vitu rahisi kuongeza.

Hapo ndipo penye siri ya kuchagua. Laptopu ina vitu vinavyobadilishwa kwa bisibisi, na ina vitu utakavyokaa navyo mpaka siku unayoiacha. RAM, kama ipo kwenye tundu lake, inabadilika. SSD inabadilika. Betri inabadilika. Prosesa imechomelewa kwenye bodi, haitoki. Kioo kinabadilika kwa gharama ya kukutoa machozi. Idadi ya matundu ya RAM na uimara wa bawaba ni vya kudumu. Muuzaji amekuonyesha RAM 16 na SSD 512 kwa sababu ni namba nene na zinavutia macho, na mtu yeyote mwenye bisibisi anaweza kuziweka ndani ya mashine kuukuu asubuhi moja. Wewe tumia pesa yako kwanza kwenye visivyobadilika.

Sasa tusome hizo namba. Kwenye prosesa za Intel za aina hii, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo inayotaja kizazi: i7-6600U ni kizazi cha 6, i5-8350U ni kizazi cha 8. Kuanzia kizazi cha 10 tarakimu huwa mbili, ndiyo maana i5-1135G7 ni ya 11 na i5-1235U ni ya 12. Herufi U inaonyesha prosesa ya matumizi madogo ya umeme, iliyokusudiwa laptopu nyepesi. Hiyo i7-6600U ni ya mwaka 2015 na ina viini viwili tu (kiini ni sehemu ya prosesa inayopiga hesabu). i5-8350U ni ya 2017 na ina viini vinne. Kati ya kizazi cha 7 na cha 8 Intel walizidisha viini mara mbili kwenye laptopu za daraja hili, kwa matumizi yaleyale ya umeme, na sijaona mruko mwingine wa miaka ile uliomsaidia mtu wa ofisini kiasi hicho. Excel ikipiga hesabu upya kwenye faili kubwa inagawa kazi kwa viini vyote vilivyopo. Ukiwa Teams, kamera inawaka, umeshirikisha kioo, na Excel iko nyuma, viini viwili vinahema. Kwa hiyo "i7 ni i7" ni kauli ya kuuzia. i5 ya kizazi cha 8 inaiacha mbali i7 ya kizazi cha 6, na hili silitilii shaka hata kidogo.

Kuna sababu nyingine, na kwako ni nzito zaidi ya kasi. Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa upande wa Intel, Windows 11 inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8. Hiyo i7 haimo kwenye orodha. Wapo mafundi watakaokuwekea Windows 11 kwa njia ya kuzunguka, nayo itawaka na kufanya kazi, lakini Microsoft hawaahidi kwamba mashine ya namna hiyo itaendelea kupata masasisho ya usalama. Wewe umebeba stetimenti za benki za watu 11. Usiingie kwenye kamari hiyo.

Ile mpya ya boksi naiondoa haraka. N4020 ina viini viwili dhaifu, na mashine nyingi za bei ile zina RAM 4 iliyochomelewa na diski ya eMMC, aina ya kumbukumbu ya bei nafuu iliyochomelewa nayo. Huongezi chochote. Utakuwa umenunua tatizo lilelile ulilonalo sasa, ila linang'aa. Najua harufu ya kitu kipya na dhamana ya mwaka mmoja vina mvuto wake, na mwanafunzi wa kuandika barua itamtosha. Wewe haitakutosha.

Mac ya dada yako ni mashine nzuri, na kama ni ya M1 ya mwaka 2020 kuendelea, betri yake itakushangaza. Lakini TallyPrime ni programu ya Windows, na Excel ya Mac haina Power Pivot, zana ya kuchambua data nyingi. Mpe dada shukrani zake, mwambie aiuze kwa mtu wa video.

Nirudi kwenye ya tatu, maana hapo ndipo ninapotaka uwe mkali. Kwanza RAM. 8 ni ndogo kwa kazi uliyoieleza. Windows 11 na kinga yake ya virusi vinaweza kula gigabaiti 3 hadi 4 kabla hujafungua kitu, na kivinjari chenye kurasa kumi na tano kikichanganyika na Teams vinamaliza iliyobaki. Unahitaji 16. Swali la kumuuliza muuzaji ni hili: RAM yake iko kwenye matundu mangapi, na mangapi yako wazi? Usisubiri jibu la mdomo. Fungua kile kidirisha cha Ctrl, Shift na Esc, ingia sehemu ya utendaji (Performance), bonyeza kumbukumbu (Memory), utaona pale chini idadi ya matundu yaliyotumika, mfano 1 kati ya 2. Ikiwa hivyo umepata bahati: unaongeza kipande cha 8 cha DDR4 (aina ya RAM ya mashine hizi), na vipande viwili vinavyolingana vinafanya kazi kwa pamoja haraka kuliko kimoja kikubwa. Ikiwa 2 kati ya 2, utaondoa vya 4 na kuweka vya 8, gharama inapanda. Kidirisha hicho peke yake hakitoshi kwa kila mashine, kwani nyingine huhesabu hata RAM iliyochomelewa kana kwamba ni tundu. Kwa hiyo tafuta pia jina kamili la modeli. ThinkPad T480, kwa mfano, ina matundu mawili ya kweli. Ndugu yake mwembamba T480s ina RAM moja iliyochomelewa na tundu moja. Herufi moja tu ya mwisho, na maisha ya mashine yanabadilika.

Na hapa nikupe jambo la bure ambalo wauzaji hawalisemi. Niliwahi kuletewa laptopu ya mhasibu mwenzako, RAM 16, SSD nzuri, na bado Excel ilikuwa inamkatalia faili kubwa ikidai kumbukumbu haitoshi. Tulipoangalia, tukakuta Excel iliyowekwa ni ya biti 32. Hiyo haiwezi kutumia zaidi ya gigabaiti chache hata ukiijengea RAM ya ghorofa. Tukaitoa, tukaweka ya biti 64 kwa leseni ileile, kilio kikaisha. Yako utaiona ukifungua menyu ya Faili, kisha Akaunti, kisha Kuhusu Excel. Ukiwa hapo, fungua lile faili lako kubwa ubonyeze Ctrl na End. Kama kishale kinarukia mstari wa 1,048,576 wakati data yako inaishia 80,000, basi faili lenyewe limevimba: kuna rangi au mistari uliyoivuta mpaka chini kabisa ya shiti. Futa mistari hiyo mitupu, hifadhi, ulipime tena. Nimeona faili la megabaiti 60 likirudi kuwa 7.

SSD ya 256 itakutosha kuanzia. Usishtuke Windows ikikuandikia 238. Hujaibiwa, ni namna mbili tofauti za kuhesabu gigabaiti. Unachotakiwa kukagua ni afya yake. Nenda na programu ndogo iitwayo CrystalDiskInfo kwenye flashi, ni ya bure, iendeshe palepale dukani. Inakupa asilimia ya afya na saa ambazo diski imewaka. Chini ya 80 mimi naomba wabadilishe au washushe bei.

Kioo. Mashine hizi zilizotoka maofisi ya ng'ambo huja na vioo tofauti ndani ya ganda lilelile. Nyingine ni 1366 kwa 768, nyingine 1920 kwa 1080. Kwa mtu wa safu na mistari, tofauti ni kubwa: kioo cha pili kinakuonyesha safu nyingi zaidi bila kusogeza kulia na kushoto kutwa nzima. Bonyeza kitufe cha kulia juu ya sehemu tupu ya kioo, ingia mipangilio ya kioo, soma namba. Kisha inamisha kioo nyuma na mbele. Rangi zikigeuka na kufifia, hicho ni kile cha aina ya TN. Kiache. Unataka IPS, ambacho rangi hazigeuki ukikiinamisha.

Kibodi nayo ina mambo yake kwa mhasibu. Laptopu nyingi za inchi 14 hazina vitufe vya namba pembeni. Wewe unaingiza vocha siku nzima, vidole vyako vimeshazoea ile 7-8-9 ya kulia. Ukitaka vitufe hivyo inabidi uende inchi 15.6, kama T580 ambayo ni ya kizazi kilekile, lakini uzito unasogea kwenye kilo mbili na wewe unapanda boda. Ushauri wangu ni inchi 14, na ununue kibodi ndogo ya namba ya USB ya kuacha ofisini. Angalia pia herufi zenyewe. Zilizotoka Ujerumani zimebadilishana nafasi za Y na Z, za Ufaransa zinaanza na AZERTY. Stika za kubandika juu zinachubuka baada ya miezi michache, ukabaki unabahatisha.

Betri ndiyo sehemu ninayoombea watu wasidanganywe, kwa sababu umeme wetu unaujua. Neno "inakaa masaa manne" halipimiki. Kinachopimika ni hiki: dukani fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, kisha Enter. Inatengeneza ripoti na kukuandikia ilipoihifadhi. Ifungue, tafuta namba mbili, uwezo wa kiwandani (Design Capacity) na uwezo wa betri ikijaa sasa (Full Charge Capacity). Tuseme ya kwanza ni 50,000 na ya pili ni 31,000, kwa kipimo cha miliwati-saa. Umebakiwa na asilimia 62. Kazi zako zikila kama wati 10, hizo wati-saa 31 zinakupa saa tatu. Kwenye Teams zitapungua. Kama ni chini ya 60, ingiza bei ya betri nyingine kwenye mapatano kabla ya kulipa. Uliza pia kama inachaji kwa tundu la USB-C. Ikichaji hivyo, chaja moja ya wati 65 inakutosha kwa laptopu na simu, na siku umeme umekata unaweza kuichaji kwa pawabenki kubwa inayotoa wati hizo.

Kuna ukaguzi mmoja ambao watu wengi hawaufanyi, na ukikosea hapo unapoteza kila kitu. Laptopu hizi zilikuwa mali ya kampuni au taasisi za nje, na baadhi bado zimesajiliwa huko. Inawaka vizuri, unafurahi nayo miezi mitatu, siku unaweka Windows upya ukiwa na intaneti inakuletea ukurasa wenye jina la kampuni usiyoijua, ikitaka barua pepe na nywila ya mfanyakazi wao. Hapo huna pa kwenda. Kwa hiyo mwambie muuzaji aifute na kuweka Windows upya mbele yako, ikiwa imeunganishwa na intaneti. Washa hotspoti ya simu yako kama duka halina. Ikipita mpaka kwenye ukurasa wa kuanza bila kukuuliza kampuni, nzuri. Kisha izime, iwashe huku ukibonyeza F2 au F10 au F1 kutegemea modeli, uingie kwenye BIOS, mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, rudisha mezani. Muuzaji mwaminifu hatachukia. Nawajua wanaokupa kiti na soda ukae ukague.

Hiyo Windows iwe ya Pro, na mashine hizi za maofisi kwa kawaida zina leseni yake. Ukifika nyumbani washa BitLocker, kufuli la Windows linaloficha data ya diski, na ule ufunguo wake mrefu uuandike karatasini, uuweke mbali na begi la laptopu. Ukiporwa kwenye boda, mwizi amepata chuma tu, data ya wateja hawezi kuisoma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na mtu anayeshika stetimenti za wengine ana wajibu wa kuzilinda.

Kuhusu kujikaza mpaka milioni na laki mbili: jikaze kwa jambo moja tu. Kizazi cha 8 ndiyo ngazi ya chini ya orodha ya Windows 11, na wewe unataka miaka mitano. Kama duka jingine, au ndugu aliye Kariakoo, atakupatia i5-1135G7 au i5-1235U yenye tundu la RAM lililo wazi ndani ya hiyo pesa, iache hata hiyo ya tatu. Ukikosa, usiumie. Lipa hiyo laki 8, ongeza kipande cha RAM, weka akiba ya betri, nunua kibodi ya namba na diski ya nje ya kuhifadhia nakala za Ijumaa. Usitoe hata shilingi kwa kadi ya michoro, wala kioo cha kugusa.

Dai risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) yenye namba ya laptopu, na maneno ya dhamana yaandikwe, hata kama ni ya miezi mitatu.

Hiyo i3 yako ikiwekewa SSD itafaa kabisa kwa mtoto wa shule. Ila ile diski yake ya zamani itoe kwanza, usimpe fundi wala mnunuzi aondoke nayo. Hamisha mafaili, yafungue moja moja kwenye mashine mpya uhakikishe yamefika salama, kisha diski ifungie kabatini pamoja na vitabu vya wateja.